Maswali ya Wasomaji: Ndugu wasiofanana, na wanaofanana wasio ndugu

Barua nyingi za safari hii ni za vipepeo. Nimechagua nne zinazozunguka jambo moja: nani anaamua kwamba hawa ni spishi mbili na wale ni moja, na anatazama nini anapoamua. Kazi yangu yote niliifanya mbele ya droo za wadudu za makumbusho, nikichoma pini na kuandika lebo, kwa hiyo msishangae nikiwatetea wafu.

*Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji wa vipepeo huku Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Tunauza pupa. Nilimfungia jike mmoja mweusi mwenye madoa makubwa meupe kwenye neti pamoja na mche, akataga. Viwavi niliwalisha kwa mkono wangu. Pupa nilizobakiza kwa ajili ya mbegu zimepasuka: wengine wametoka wa manjano wenye mikia, wengine weusi na weupe kama mama yao, na wachache wa rangi ya chungwa. Jirani yangu anacheka, anasema nimechanganya viwavi. Je, nimechanganya? — Mfugaji, Gede*

Marahaba mwanangu. Mwambie jirani apunguze kucheka. Kwa maelezo yako huyo ni Papilio dardanus, na hao wote ni watoto wa mama mmoja. Wa manjano wenye mikia ni madume. Weusi na weupe ni majike, na wa chungwa ni majike pia. Watazame vizuri ncha ya tumbo utaona mwenyewe.

Jirani yako ana wenzake wengi waliokuwa na elimu kubwa. Karne ya 18 vipepeo wa Afrika walifika Ulaya ndani ya masanduku ya meli, wamekufa, bila mtu wa kueleza nani alizaliwa na nani. Kila bawa jipya likapewa jina jipya. Peter Brown alimchapisha dume wa manjano mwaka 1776 kwa jina la dardanus. Mwaka uliofuata Cramer wa Uholanzi akamwita merope, na jina hilo likashika sana hata lebo za zamani bado zinalo, ingawa kwa sheria ya majina lililotangulia ndilo linalobaki. Yule mweusi na mweupe wa Afrika Magharibi akaitwa hippocoon, mwingine cenea, wa chungwa trophonius. Kila mmoja alikuwa na safu yake kwenye droo, na kila mmoja alihesabiwa kuwa spishi kamili.

Aliyeligundua tatizo ni Roland Trimen wa Cape Town. Miaka ya 1860 alipata nafasi ya kukagua makusanyo ya Uingereza, na alichokiona hakihitaji hadubini. Safu ya merope kutoka bara la Afrika ilikuwa ya madume watupu. Safu za cenea, hippocoon na trophonius zilikuwa za majike watupu. Sasa jiulize, spishi moja inaishije bila jike, na nyingine tatu bila dume? Trimen akasema hawa ni mume na wake zake. Kilichokuwa kimewapoteza watu ni Madagaska: kule jike wa dardanus ana manjano na mikia kama dume, basi wenye makusanyo walijiona wameshamjua jike wa merope na hawakuwa na sababu ya kumtafuta mwingine.

Alipochapisha hoja yake mwaka 1869 alichekwa. William Chapman Hewitson, tajiri mwenye kusanyo kubwa la vipepeo, alisema hawezi kuzinyoosha fikra zake kiasi cha kuamini kwamba merope anafuga nyumba nzima ya wake wasiofanana naye hata kidogo. Kilichomnyamazisha, nami hapa huwa nacheka kila nikisimulia, ni barua ya mkusanyaji wake mwenyewe. Kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, alitumiwa merope na hippocoon waliokamatwa wakiwa wamepandana. Miaka hiyohiyo ya 1870 Mansel Weale kule Afrika Kusini akawafuga kutoka kwa viwavi, wakatoka wa kila namna. Yaani alifanya hasa ulichofanya wewe kwenye neti yako.

Kwa nini majike wamejigawa hivyo? Wanaiga vipepeo wenye sumu ambao ndege wameshajifunza kuwaacha. Mweusi na mweupe wako anamwiga Amauris niavius. Wa chungwa anamwiga Danaus chrysippus, ambaye nitamrudia kwenye barua ya tatu. Baadaye sana, Clarke na Sheppard wa Liverpool waliwazalisha kwa miaka wakaonyesha kwamba sura zote hizi zinaendeshwa na sehemu moja tu ya urithi, na watafiti wa karne hii wameipata sehemu hiyo karibu na jeni iitwayo engrailed. Sura ya chungwa humshinda mweusi na mweupe pale zinapokutana kwa mtoto mmoja. Kwa hiyo kwako baba ndiye aliyeleta chungwa. Yeye mwenyewe haionyeshi, amevaa manjano yake kama kila dume.

Ombi langu kwako: safari nyingine jike kama huyo akimaliza kutaga, usimwache aoze. Mkaushe, mchome pini, umweke pamoja na wanawe wawili watatu wa kila sura na maganda ya pupa zao, uandike kwamba ni ukoo mmoja. Makumbusho yana maelfu ya dardanus waliokamatwa wakiruka. Familia zenye mama anayejulikana ni chache, na mtafiti hukimbilia hizo kwanza.

*Habari za kazi Bi. Nasoma baiolojia mwaka wa pili, Morogoro. Kwa nini makumbusho bado yanaua vipepeo ilhali simu zetu zina kamera nzuri? Na spishi mbili zikifanana kabisa, mtaalamu anaona nini ambacho mimi sikioni? — Mwanafunzi, Morogoro*

Nzuri, mwanangu. Picha haina tumbo. Hilo ndilo jibu fupi, na refu linatoka Ulaya.

Kuna kipepeo mdogo mweupe, mnyonge wa kuruka, aliyepewa jina mwaka 1758 na Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya spishi: Leptidea sinapis. Kwa zaidi ya miaka mia mbili alijulikana ni mmoja. Watu walimchora, wakampiga picha, wakamhesabu kila kiangazi. Mwaka 1988 Pierre Réal wa Ufaransa akaonyesha kwamba milima ya Pyrenees ina wawili. Jina alilotoa halikusimama kisheria, likabadilishwa, na spishi hiyo leo inaitwa Leptidea reali kwa heshima yake. Bawani hakukuwa na tofauti ya kuaminika. Tofauti ilikuwa kwenye viungo vya uzazi: mrija wa dume wa reali ni mrefu kuliko wa sinapis, na njia ya jike wake nayo ni ndefu vivyo hivyo.

Kuiona tofauti hiyo ni kazi ya mikono. Unalivunja tumbo la kipepeo mkavu, unaliloweka kwenye hidroksidi ya potasiamu mpaka mafuta na nyama viyeyuke, unabaki na vile vigumu tu, unavisafisha chini ya hadubini kwa koleo jembamba, kisha unavihifadhi ndani ya gliserini kwenye kichupa kidogo kinachochomwa pini ileile ya mwenye tumbo. Ukikitenga kichupa na kipepeo wake umeharibu vyote viwili. Nimekuwa mkali sana juu ya hili kwa vijana niliowafundisha, na sijuti.

Basi wataalamu wakarudi kwenye droo za makumbusho, wakaanza kupasua matumbo ya vipepeo waliokamatwa na babu zao. Vile vilivyoandikwa sinapis vikagawanyika, nchi kwa nchi, tena kwa miaka: kwa kuwa lebo zilikuwa na mahali na tarehe, waliweza kusema nani aliishi wapi kabla hata ya swali kuulizwa. Ireland ndiko kulikowashangaza. Mwaka 2001 ilibainika kwamba wengi wa Ireland si sinapis kabisa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2011 Vlad Dincă na wenzake walichukua kromosomu na vinasaba, wakakuta kwamba huyo aliyeitwa reali naye ni wawili. Reali wa kweli yuko kusini-magharibi mwa Ulaya. Wengine wote, kuanzia Ireland hadi Kazakhstan, ni Leptidea juvernica, na hapa hata viungo vya uzazi havikusaidia, maana vya hawa wawili vinalingana. Jina juvernica halikubuniwa upya. Lilikuwepo tangu 1946, lilipotolewa kwa vipepeo wa Ireland wakidhaniwa kuwa tawi la sinapis. Leo tunajua juvernica ametapakaa karibu Ireland yote, na sinapis yuko Burren, kwenye miamba ya chokaa ya magharibi. Vipepeo wenyewe hawakuwahi kuchanganyikiwa: dume humbembeleza jike yeyote, lakini jike hukubali wa spishi yake tu.

Umeona basi. Kama waliotutangulia wangeacha picha peke yake, 1988 wangekuwa na maelfu ya picha za kipepeo mweupe na hakuna cha kupasua.

Kuna sababu nyingine ya kuhifadhi mwili, nayo ni jina. Siku hizi kila jina la spishi hufungwa kwa sampuli moja, inaitwa holotaipu. Ukiigawa spishi moja kuwa mbili, ni lazima ujue jina la zamani linabaki na nani. Hupigi kura. Unakwenda kwenye holotaipu, unaipima, unaitazama viungo, na yule anayelingana nayo ndiye anayerithi jina. Mwingine anapewa jipya, au linafufuliwa la zamani lililokuwa limesahaulika kama lile la juvernica. Sampuli inaweza kuwa imefifia, imekatika kipapasio, imeliwa nusu bawa na wadudu. Haidhuru, bado ndiyo inayosema.

Kwetu kundi linaloumiza vichwa zaidi ni Charaxes weusi, wale wenye kasi wanaopenda matunda yaliyooza na kinyesi cha chui. Madume wa spishi mbalimbali hawatofautiani kwa macho, na majike ndio wenye sura. V. G. L. van Someren, daktari wa meno aliyeishi Nairobi, aliwafuatilia maisha yake yote, akawafuga kutoka kwa mayai ili ajue dume yupi ni wa jike yupi, na kati ya 1963 na 1975 akachapisha marekebisho yake sehemu kwa sehemu katika jarida la makumbusho ya London. Vipepeo vyake vilikwenda London pia. Lord Rothschild peke yake alipofariki mwaka 1937 aliiachia Uingereza vipepeo na nondo zaidi ya milioni mbili kutoka duniani kote. Kwa hiyo kijana wa Morogoro anayetaka kuthibitisha kipepeo wa Uluguru mara nyingi inambidi aombe picha kutoka ng'ambo. Mimi naona ni haki kila droo ya namna hiyo ipigwe picha, lebo zisomwe zote, na ziwekwe wazi kwa watu wa mahali zilikotoka. Kazi hiyo imeanza. Inakwenda polepole kupita ninavyopenda.

Halafu, usiiabudu sampuli. Mwaka 1702 mkusanyaji James Petiver wa London aliletewa kipepeo wa ajabu, wa manjano mwenye madoa meusi na miezi ya buluu. Linnaeus akampa jina mwaka 1763, Papilio ecclipsis. Ilifika 1793 ndipo Fabricius, mtaalamu wa wadudu, alipomtazama kwa makini akakuta ni yule wa manjano wa kawaida wa bustani za Ulaya, kapakwa rangi kwa brashi.

Kuhusu kuua, usimalize msitu. Wachache wenye lebo nzuri wanatosha, na wa vinasaba mguu mmoja mara nyingi unatosha.

*Mama, hapa Nairobi bustanini kwangu kuna vipepeo wa rangi ya chungwa wa aina mbili. Mmoja ana ncha nyeusi yenye mstari mweupe, mwingine ni chungwa tupu. Programu ya simu mara inasema ni Danaus chrysippus, mara Danaus dorippus. Rafiki yangu anasema vinasaba vimeshamaliza ubishi. Vimemaliza kweli? — Msomaji, Nairobi*

Umekaa mahali pazuri kuliko unavyojua. Mwenye ncha nyeusi na mweupe ndiye chrysippus wa kawaida, unamkuta kusini mwa Afrika na sehemu kubwa ya Asia yenye joto. Wa chungwa tupu, dorippus, alipewa jina na Klug mwaka 1845, na makao yake ni Afrika Mashariki, Pembe ya Afrika na Uarabuni. Ndugu zetu wa Muscat wanamwona pia. Magharibi yuko wa tatu, alcippus, mwenye bawa la nyuma jeupe. Sehemu za Nairobi ni mahali wanapokutana, na wakikutana wanaoana.

Simu inaona bawa, na bawa ni kanga tu: ukimtambua mtu kwa kanga aliyovaa utaamkia wasio wako.

Vinasaba navyo inategemea vipi. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Guelph, Kanada, alipendekeza kila mnyama atambuliwe kwa kipande kifupi, herufi za vinasaba kama 658, cha jeni moja ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe. Njia hiyo imefanya makubwa. Mwaka 2004 yeye na wenzake waliitumia kwa kipepeo mmoja wa Costa Rica, Astraptes fulgerator, wakasema ndani yake mna spishi kumi. Na walikuwa na ushahidi mwingine mkononi, kwa sababu viwavi wao walikuwa na mabaka tofauti na wakila miti tofauti. Wapo waliobishia hesabu hiyo, lakini kwamba mle mlikuwa na zaidi ya mmoja halina shaka.

Kwa Danaus wako hali ni nyingine. Mwaka 2005 vinasaba vilitumika kusema dorippus ni spishi yake peke yake. Lakini Nairobi na jirani zake wapo majike wanaozaa mabinti watupu. Ndani yao mnaishi bakteria, Spiroplasma, anayewaua watoto wa kiume wakiwa bado wadogo kabisa. Bakteria huyu hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ndani ya yai, na mitokondria hupita njia hiyohiyo. Akienea yeye, anaivuta na mitokondria ya mama wa kwanza aliyembeba, ikatapakaa kwa majike elfu na elfu. Ukisoma mitokondria peke yake hapo, unasoma historia ya ugonjwa ukidhani unasoma ya ukoo. Waliosoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya kipepeo, na kazi kubwa ilichapishwa 2020, walikuta rangi za mabawa zimefungwa kwenye kipande cha kromosomu ya 15, na kwa majike hao wenye bakteria kromosomu hiyo imeungana na ile ya jinsia. Sehemu nyingine za urithi hazikuonyesha ukuta kati ya chrysippus na dorippus.

Basi mwite Danaus chrysippus, na dorippus liwe jina la sura yake. Ukitaka kumsaidia mtafiti kuliko simu inavyoweza, chukua mayai ya jike mmoja, lisha viwavi majani ya mmea uleule wenye utomvu mweupe uliomkuta akitagia, uone kama atatoka dume hata mmoja.

*Babu yetu aliacha sanduku la vipepeo waliochomwa pini, wa zamani sana, Mombasa na Taita. Wengine hawana karatasi. Tulitupe, au lina maana? — Mjukuu, Mombasa*

Usitupe. San Francisco kulikuwa na kipepeo mdogo wa buluu wa kwenye matuta ya mchanga, Xerces. Mji ulijengwa juu ya mchanga wake akatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1940, na watu wakabaki wakibishana kama alikuwa spishi au tawi tu la jamaa yake ambaye bado yuko, Glaucopsyche lygdamus. Mwaka 2021 watafiti walichukua kipande kidogo cha tumbo la mmoja aliyehifadhiwa Field Museum, Chicago, mwenye umri wa miaka 93 kwenye pini. Vinasaba vyake vilikuwa vimekatikakatika, lakini vilitosha. Xerces alikuwa spishi yake mwenyewe. Kisingekuwa na lebo kipande kile wasingekuwa na la kusema.

Wasio na karatasi, usiwabunie. Lebo ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa, kwa sababu itaaminiwa. Tafuta madaftari ya babu, barua, bahasha, hata picha zenye tarehe nyuma, uziweke pamoja na sanduku. Nyuma ya lebo zilizopo usiandike kitu na usizitoe kwenye pini, hata kama jina la kipepeo limekosewa au ni la kizamani. Mwandiko wa babu ni sehemu ya ushahidi. Ukiwa na hakika ya jambo, ongeza karatasi yako chini ya yake: mahali, wilaya, tarehe, nani alikamata, na kwamba umeandika wewe mwaka huu. Tumia penseli au wino mweusi usioyeyuka. Kalamu ya biki hufifia.

Kisha piga picha kila kipepeo na lebo yake, uwapelekee kitengo cha wadudu cha makumbusho ya taifa Nairobi kabla hujalibeba sanduku lenyewe. Ukiona vumbi la kahawia chini ya vipepeo, kuna wadudu wanawala sasa hivi. Lifunge sanduku zima kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza wiki mbili. Ukilitoa usiufungue mfuko hadi kesho yake, umande utue juu ya plastiki na si juu ya mabawa.